Pengo Lisiloonekana

Wiki iliyopita mlango wa Daktari wa Meno ulifunguliwa bila hodi, nawe msomaji ukabaki unauma kucha. Ziachie sasa. Aliyeingia alikuwa Sisimizi.

Daktari alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Alikiweka mezani kabla hajanywa. Katika watu wote wa mji ule, huyo ndiye ambaye hakutaka kuonana naye.

Kama gazeti la wiki iliyopita ulilifungia sabuni kabla hujalisoma, nitakukumbusha kwa kifupi. Sisimizi ni binti mwenye umbo dogo anayefanya kazi kwenye duka la kufulia nguo. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hubeba mafurushi makubwa kuliko yeye. Mama yao alipofariki alimwachia mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Sisimizi anasema ana miaka kumi na tisa, lakini hana cheti cha kuzaliwa, hana shangazi wala mjomba wa kusema siku hiyo alikuwepo. Akiwa ametimiza kumi na minane, sheria inamruhusu kumlea mdogo wake. Akiwa hajatimiza, yeye mwenyewe ni mtoto wa kulelewa.

Mahakama ikasema basi, meno yaseme. Daktari akatazama picha ya eksirei ya mataya ya binti, akaandika kwamba umri wake ni kama miaka kumi na minne au kumi na mitano.

Kwa sentensi hiyo moja, mdogo mtu akapangiwa kulelewa na mke na mume wenye duka la vitambaa, watu wazima wasiojaliwa mtoto, ambao walitaka mvulana mmoja tu. Sisimizi akapangiwa makao ya wasichana, upande wa pili wa mji. Walibakiwa na siku mbili za kukaa pamoja.

"Shikamoo, Daktari," Sisimizi alisema.

Afadhali angemtukana. Tusi lina jibu lake, lakini shikamoo ya mtu uliyemvunjia nyumba utaijibu vipi? Daktari aliitikia marahaba huku akitazama sakafu.

Nyuma ya binti alikuwepo Afisa Ustawi, mwanamume aliyelika visigino vya viatu kwa kuzunguka na matatizo ya watu. Alieleza kwamba mtoto analia kwa maumivu ya jino tangu juzi, na yule mama mwenye duka la vitambaa amesema hamchukui mtoto mgonjwa, apimwe kwanza. Daktari wa zamu ya watoto alikuwa hayupo. Ndiyo maana wakaletwa huku, kwenye chumba ambamo kwa kawaida huletwa mafuvu, kesi za polisi na watu wasio na umri.

Mtoto mwenyewe alishapanda kwenye kiti kabla ya kuambiwa. Hakuwa na meno ya mbele, juu wala chini, na kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Kibabu.

"Bibi, hivi vidude vyote ni vyako?" aliuliza akitazama mataya ya plasta yaliyopangwa kwenye rafu.

Daktari alimjibu kwamba ni vya kazi. Kibabu akataka kujua kama huwa anavipeleka nyumbani. Akaambiwa hapana.

"Nyumbani unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Hata paka huna?"

"Hata paka."

Kibabu alifikiri kidogo. "Sasa ukiota ndoto mbaya unamwambia nani?"

Daktari akamwambia afungue mdomo.

Msomaji, hapa ndipo mambo yalipogeuka, kwa hiyo kaa vizuri.

Daktari aliingiza kioo chake kidogo, akakipeleka nyuma kabisa, na mara akashusha pumzi. Hapakuwa na ugonjwa. Nyuma ya meno ya utoto, ufizi ulikuwa umepasuka, na gego jipya lilikuwa linachungulia. Alimwambia Afisa kwamba mtoto ni mzima, anaota jino tu. Kisha, kwa mazoea ya kazi, akamgeukia dada mtu na kumpa onyo ambalo huwapa wazazi wote. Gego hili hutoka mtoto akiwa na miaka sita hivi, na kwa kuwa hakuna jino linalong'oka kulipisha, watu wengi hudhani nalo ni la utoto. Si la utoto. Likitoboka lizibwe, lisikimbiliwe kung'olewa, kwa sababu halina jingine la kuja nyuma yake.

Sisimizi alikunja uso kama mtu anayesikia habari za nyumba aliyowahi kuishi.

"Mimi nilishang'olewa hayo," alisema.

"Yapi?"

"Hayo hayo ya nyuma. Yote manne. Yalikuwa yametoboka, silali usiku. Mama aliambiwa ni ya utoto, yang'olewe tu, mengine yatakuja. Na kweli yalikuja. Mapengo yakajiziba yenyewe."

Kioo kilimponyoka Daktari kikaangukia kwenye sinia la chuma. Kibabu akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

Nitakueleza kilichomwingiza Daktari baridi, na ni jambo jepesi. Mtu mzima aliyekamilika ana magego makubwa matatu kila upande wa taya. La kwanza hutoka na miaka sita, la pili na miaka kumi na miwili, la tatu hutoka mtu akishakomaa. Katika picha ya Sisimizi yalionekana mawili tu. Daktari akadhani lililokosekana ni la tatu, maana watu ambao gego lao la mwisho halikuumbwa kabisa wako wengi. Akalitazama lile la nyuma, akaona ncha za mizizi yake hazijafunga. Gego la pili lenye ncha wazi ni la mtoto wa miaka kumi na minne. Akaandika hivyo, akasaini.

Lakini kama lililokosekana ni la kwanza? Mtoto aking'olewa la kwanza mapema, la pili husogea mbele na kuketi mahali pake, na la tatu nalo husogea likaketi mahali pa la pili. Pengo linafungika, hakuna anayeliona. Basi lile gego la nyuma lenye ncha wazi halikuwa la pili hata kidogo. Na gego la tatu lenye ncha wazi kiasi kile si la mtoto.

"Shuka, mwanangu," Daktari alimwambia Kibabu. "Mpishe dada yako."

Siku ile alipotoa uamuzi wake, kazi zilikuwa zimejaa, na aliletewa picha peke yake. Alisoma picha, hakusoma mdomo. Sasa aliwasha taa, akainama, akaangalia lile gego la mbele la taya la chini na kuhesabu vilima vya juu yake. Gego la kwanza la chini huwa na vilima vitano. La pili huwa na vinne, vimegawanywa kwa mstari wa msalaba.

Vilikuwa vinne. Upande wa pili, vinne vilevile, na gego limelala mbele kidogo kama mtu anayeegemea nafasi isiyo yake.

Alimpeleka Sisimizi mwenyewe chumba cha eksirei apigwe pia picha ya kifundo cha mkono, kitu ambacho mahakama haikukiomba na hakuna aliyejisumbua kukishauri. Mifupa ilikuwa imeshafunga, haina pa kukua tena. Binti wa miaka kumi na minne hana mkono kama ule.

Daktari aliketi. Alisema waziwazi, mbele yao wote, kwamba alikosea, na kwamba Sisimizi alikuwa anasema kweli. Sisimizi hakushangilia. Alimvuta Kibabu akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anaminywa.

Kama ningekuwa mwandishi mwenye huruma ningeishia hapa. Lakini mhariri ananilipa kwa kurasa.

Afisa Ustawi alimwita Daktari ukumbini, akafunga mlango. Alimwambia kesi itasikilizwa upya kesho asubuhi, hilo atalipanga yeye. Tatizo liko kwingine. Mlezi ambaye hajafika miaka ishirini na mitano lazima awe na mdhamini, mtu mzima mwenye makazi yake, atakayesimama mahakamani na kusema nitawaangalia hawa. Bila mdhamini, hata Sisimizi akiwa na miaka kumi na tisa, mtoto anakwenda kwenye duka la vitambaa.

Daktari hakufikiri hata kidogo. "Nyumba yangu ina vyumba vitatu," alisema. "Viwili havina mtu."

Afisa alihakikisha kwanza kwamba mlango umefungwa. Alikuwa mtu wa kuchoka, lakini si mtu mbaya.

"Wewe ndiye shahidi wa umri," alisema. "Ukiwadhamini, watasema umeongeza miaka ili uwapate. Ushahidi unatupwa, binti anarudi kuwa mtoto. Kimoja au kingine, Daktari. Na kuanzia sasa usizungumze nao mpaka kesi iishe."

Ilibaki njia moja. Katika mji ule wa watu wote wale, mwingine aliyekuwa na ruhusa ya kusoma umri kwenye meno alikuwa Mkuu wa kitengo, bosi wake. Kama Mkuu angekubali kwenda kutoa ushahidi, Daktari angekuwa huru kusimama kama mdhamini.

Alipanda ngazi kwa haraka ambayo magoti yake yalikuwa yameisahau.

Mkuu alizitazama picha zote mbili kwenye mwanga, akaitikia kwa kichwa polepole, na kukiri kwamba ni kweli, gego lile ni la tatu. Hilo alilisema kwa heshima. Kisha akamrudishia picha.

Alimkumbusha kwamba ripoti ya kwanza alisaini yeye Daktari, na chini yake akasaini yeye Mkuu. Ripoti moja ikikanwa, mawakili watataka zote za miaka iliyopita zifufuliwe.

"Wewe ukianguka, unaniangukia mimi," alisema. "Siendi. Na ukienda wewe, usirudi kazini mpaka nikuite."

"Utaniita lini?"

Mkuu alianza kutafuta kalamu iliyokuwa mfukoni mwake.

Jioni ile Daktari alirudi nyumbani, akakuta redio inaongea jikoni. Huwa haizimi anapotoka, ili akifungua mlango akute sauti. Mumewe alifariki zamani. Mwanawe wa pekee yuko ng'ambo, na simu zake ni nzuri lakini zina haraka. Kazini wana utani kwamba Daktari hana ndugu ila mafuvu, naye hucheka pamoja nao.

Alifungua kile chumba cha pili, akakung'uta godoro. Akafungua cha tatu, akapima kwa macho mahali kitanda cha mtoto kingekaa, karibu na dirisha au mbali nalo. Alijua anajidanganya, na bado alihamisha kabati. Alipochoka akaketi juu ya lile godoro akalia, si kwa sauti kubwa. Hakukuwa na wa kumficha, lakini alijifunika uso kwa kanga.

Kulipokucha alipiga moyo konde akavaa nguo yake ya mahakamani.

Chumba cha kesi kilikuwa kidogo, na feni yake ilizunguka bila kuleta upepo. Benchi la mbele waliketi Sisimizi na Kibabu. Upande wa pili waliketi mke na mume wenye duka la vitambaa. Mke alikuwa na mfuko mapajani, na ndani yake ungeweza kuona mkono wa shati jipya la mtoto, shati alilolishona mwenyewe.

Kibabu alimwona Daktari akiingia. Alivua kofia yake akaiweka kwenye benchi, pembeni yake, kumshikia nafasi. Kisha akaipigapiga kofia ile kwa kiganja kumwonyesha.

Daktari alipita. Aliketi nyuma, peke yake. Hakuweza kumweleza.

Hakimu alikuwa mwanamke wa miwani mizito na maneno machache. Alimwita Daktari mbele, na kabla ya yote akamtaka aape. Kisha akamuuliza kama ana undugu, urafiki au maslahi yoyote kwa binti huyu na mdogo wake.

"Sina, Mheshimiwa."

Aliulizwa kama ana ahadi yoyote aliyowapa.

"Sina."

Neno hilo la pili lilimtoka kwa shida. Lilikuwa kweli mahakamani, na lilikuwa kweli nyumbani, na kwenye simu, na kila mahali alipolitazama.

Halafu akafanya kazi yake, na niseme ukweli, aliifanya vizuri. Alikiri kosa bila kulizungukia. Alionyesha gego, akaonyesha mkono, akaeleza pengo lilivyojifunga. Hakimu alimwuliza kama anaweza kuapa kwamba binti ana miaka kumi na tisa kamili. Daktari alisema hapana. Meno hayatoi siku ya kuzaliwa. Gego hili peke yake humweka mtu kati ya miaka kumi na saba na ishirini na miwili, lakini gego likiunganishwa na mkono, yeye kama mtaalamu anaamini kwamba kumi na minane imeshapita.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Feni ilizunguka.

"Mahakama inakubali kwamba binti ni mtu mzima," alisema.

Sisimizi alifumba macho. Kibabu hakuelewa, lakini aliona dada yake anatabasamu, naye akatabasamu kwa ufizi mtupu.

Hakimu hakuinua kichwa. Akauliza mdhamini ni nani.

Afisa Ustawi alisimama, akasema amezunguka tangu alfajiri. Mwenye duka la kufulia amekataa. Majirani wamekataa. Hana jina la kuleta.

Ndipo Sisimizi alipogeuka. Hakumtazama Afisa, wala Hakimu. Alimtazama Daktari kule nyuma, kwa macho ya mtu ambaye ameshaona jawabu na anashangaa kwa nini halijasimama. Mwanamke mwenye nyumba, asiye na mtu, asiye na hata paka. Alikuwa anangoja tu ainuke.

Daktari aliweka mikono chini ya mapaja yake, akaikalia. Akiinuka, Sisimizi anakuwa na miaka kumi na minne tena. Akibaki ameketi, binti yule atakufa siku moja akiamini kwamba bibi mmoja aliwaangalia akawaacha. Alibaki ameketi.

Tabasamu la Sisimizi liliondoka taratibu. Akageuka mbele.

"Kama hakuna mdhamini," Hakimu alianza.

"Yupo."

Kila shingo ikageuka. Aliyesimama alikuwa yule mama mwenye duka la vitambaa, mfuko wake umebanwa kifuani. Mumewe alimvuta nguo. Akauondoa mkono wake.

Alisema atawadhamini yeye, wote wawili. Nyuma ya duka kuna vyumba, dada mtu akae na mdogo wake, afanye kazi yake anapotaka. Alikuja kutafuta mtoto mmoja, na usiku kucha hakulala kwa kufikiri kwamba mtoto huyo atakuwa analia akimtaka dada yake.

"Lakini nina sharti," alisema.

Hakimu akamtaka alitaje.

Mama yule aligeuka akamnyooshea Daktari kidole. Alisema juzi mtu huyu aliandika kwamba binti ni mtoto, leo ameapa kwamba ni mtu mzima, na yeye hamwamini. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa ya kweli, akaongeza:

"Na nimeona mtoto alivyomwekea kofia. Nimengoja miaka mingi, Mheshimiwa. Ninataka kulea watoto wanaonitazama mimi. Daktari huyu asiwakaribie tena, wala asipite dukani kwangu."

Sisimizi aligeuka tena nyuma, na safari hii uso wake ulikuwa unaanza kuelewa kwa nini Daktari hakuinuka.

Hakimu alivua miwani. "Daktari, umeapa hapa kwamba huna uhusiano wowote na watu hawa. Una pingamizi kwa sharti hili?"

Daktari alisimama. Akisema ndiyo, kiapo chake kinavunjika na Sisimizi anarudi kuwa mtoto. Kule mbele kofia ilikuwa bado iko juu ya benchi, imeshika nafasi yake, na Kibabu alikuwa ameizuia kwa mkono ili mtu mwingine asije akaikalia.